Je, Wajua? Ukoka Uliokufa Chini ya Ukoka Ulio Hai

Je, wajua kwamba bustani inaweza kumwagiliwa kila jioni na mizizi ya nyasi zake ikalala na kiu? Maji huishia njiani. Kati ya majani ya kijani unayoyaona na udongo usiouona kuna tabaka la rangi ya kahawia: mashina yaliyotambaa yakafa, mizizi mikuukuu, vitako vya nyasi za misimu iliyopita, na humo humo mashina mengine yangali hai, yote yamesokotana. Hapa tutaliita tandiko.

Wajua namna ya kulipima? Chukua kisu cha jikoni kilichostaafu. Kata kipande cha pembetatu chenye kina cha sentimita 7 hivi, king'oe, ukitazame ubavuni: kijani juu, kahawia katikati, udongo chini. Ibane ile kahawia kidogo kwa vidole, kisha weka rula. Ukimaliza, rudisha kipande shimoni, kikanyage, mwagia maji, kitashika tena.

Ukipata chini ya sentimita 1.25, futa kisu uende zako. Tandiko jembamba ni neema. Linaukinga udongo na jua, linapunguza maji yanayopotea angani, linapokea kishindo cha watoto wanaocheza mpira. Shida huanza likipita hapo, na likifika sentimita 2 au 3 huhitaji hata rula, kwa sababu kutembea juu yake ni kama kukanyaga godoro.

Mashine ya kukatia nyasi nayo hulijua. Magurudumu yake huzama, visu vinashuka kuliko ulivyopanga, na nyuma yake kunabaki mabaka meupe ya nyasi zilizonyolewa hadi kwenye mashina. Wengi humlaumu anayesukuma mashine. Mwacheni, hana kosa.

Je, wajua kwamba majani yanayodondoka mashine inapopita hayahusiki? Imani kwamba ndiyo yanayorundikana imeenea kuliko ukoka wenyewe, na kwa imani hiyo watu hukusanya kila mkato wakautupa jalalani. Kati ya asilimia 75 na 80 ya uzito wa majani hayo ni maji. Huoza upesi, na yakiachwa palepale yanaweza kurudisha hadi robo ya naitrojeni ambayo nyasi huhitaji kwa mwaka. Anayeyatupa anatupa mbolea, kisha anakwenda dukani kununua nyingine. Sharti ni moja tu: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja, la sivyo utaacha mafungu mazito yanayofunika mwanga.

Anayehusika ni lignini, kile kinachoupa mti ugumu wake. Majani ya nyasi yanayo kidogo. Mashina yanayotambaa, vitako na mizizi vinayo nyingi, na bakteria wengi hawaiwezi. Wanaoiweza vizuri ni fangasi wa aina fulani, nao wana masharti yao: unyevu na hewa.

Hapo ndipo nchi kame inapopata tabu yake ya pekee. Mpira wa maji unazifanya nyasi zikue mwaka mzima, lakini tandiko, lililoko juu ya udongo na kupigwa na jua, hulowa usiku na kukauka kabla ya adhuhuri. Yaani kukua kunaendelea na kuoza kunasimama. Kinachozaliwa ni kingi kuliko kinacholiwa, na hesabu ya namna hiyo ina mwisho mmoja.

Je, wajua hesabu ya maji yenyewe? Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Ua wenye mita za mraba 100 ukinyunyiziwa milimita 3 jioni, umekunywa lita 300, ndoo 15 za lita 20. Tuchukue Dodoma, ambako mvua ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Jua la Oktoba huko linaweza kuvuta zaidi ya milimita 5 kwa siku moja. Zile 3 za jioni zikinaswa na tandiko, udongo hauzioni kabisa. Mwenye nyumba anaona nyasi zimesinyaa, anaongeza jioni nyingine. Nyasi nazo si wajinga: zinapandisha mizizi kule yaliko maji, ndani ya tandiko lenyewe. Mizizi iliyozaliwa juu kiasi hicho haina akiba yoyote. Bomba likikauka siku chache tu, bustani yote inageuka rangi ya kahawia, ilhali udongo wa chini bado una unyevu ambao hakuna aliyefika kuuchota.

Na tandiko likishakauka kabisa hugoma kulowa. Mabaki ya mimea na nyuzi za fangasi huacha utando wa nta, na maji hujikusanya juu yake kuwa matone, yakateleza kuelekea kwenye njia ya magari. Jaribu: dondosha tone juu ya kipande kikavu, uhesabu. Kwa vipimo vya wataalamu wa udongo, tone likinywewa kabla ya sekunde 5 hakuna neno. Likikaa zaidi ya sekunde 60, hapo maji yanakataliwa kwa nguvu. Kuna udongo ambao tone hukaa juu yake karibu saa nzima.

Dawa ya hilo si kufungulia bomba zaidi. Mwagia kidogo, subiri nusu saa, mwagia tena, subiri, mwagia mara ya tatu. Maji ya kwanza hayaingii sana. Kazi yake ni kuulainisha mlango.

Je, wajua maji hayo ya Dodoma hutoka wapi? Sehemu kubwa hutoka kwenye visima vya Makutapora, kaskazini mwa mji. Mwaka 2013 watafiti walichapisha kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya ardhini hapo, wakaonyesha kwamba akiba hiyo hujazwa hasa na misimu michache yenye mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Miaka mingine mingi haiongezi kitu cha maana. Lita 300 zinazoishia kwenye nyasi zilizokufa si za mwaka huu, basi. Huenda ni za El Niño.

Sasa tugeukie nasaba. Je, wajua kwamba jamii ya ukoka, ambayo wataalamu wa mimea huiita Cynodon, ina spishi zake nyingi hapa Afrika? Wamarekani wanaoutandaza kwenye viwanja vya gofu na mpira huuita nyasi za Bermuda. Chotara wao maarufu, Tifway, alitolewa mwaka 1960 kutoka kituo cha utafiti cha Tifton, jimbo la Georgia, na mzazi wake mmoja ni ukoka mwembamba wa Afrika Kusini. Kumbe vingi vya viwanja vile vizuri unavyoviona kwenye televisheni vina damu ya huku kwetu.

Wajua kwa nini porini ukoka hauna tandiko la kutisha? Kwa sababu una walaji. Mwaka 1984 mwanaikolojia Samuel McNaughton, aliyefanya kazi Serengeti kwa miaka mingi, aliandika juu ya nyasi fupi, nene, za kijani ambazo wanyama wenyewe huzitengeneza kwa kulisha palepale tena na tena. Nyumbu zaidi ya milioni moja, pundamilia na swala hukata shina kabla halijazeeka, hukanyaga kilichokauka hadi kikagusana na udongo, na huacha samadi inayowalisha viumbe wa kuozesha. Viboko hufanya kazi hiyo hiyo usiku kandokando ya mito na maziwa. Kinachobaki huangukia kwa mchwa.

Mchwa wanastahili aya yao. Sehemu kame za Afrika, ambako nyungunyungu ni wachache, wao ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa kusafisha mimea iliyokufa. Wako wale wa jamii ya Macrotermes, wajenzi wa vichuguu virefu, wanaokusanya mabaki makavu na kuyalimia fangasi chini ya ardhi. Fangasi huyo huivunja lignini, na mvua zinaponyesha hutoa uyoga ambao akina mama huuchuma pembeni mwa kichuguu. Wako pia Hodotermes mossambicus, ambao tofauti na wenzao hutoka mchana kweupe kukata nyasi na kuziburuta shimoni. Hao wa pili hawachagui kikavu peke yake, na wakiingia bustanini huacha vipara. Mwenye nyumba anapiga dawa. Mchwa wanakufa, nyungunyungu wanakufa pamoja nao, na mwaka unaofuata tandiko limenenepa.

Hilo la nyungunyungu limepimwa. Mwaka 1990 Daniel Potter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kentucky walichapisha jaribio la kuzika vipande vya tandiko ndani ya mifuko ya nyavu. Nyavu zenye matundu makubwa ziliwapitisha nyungunyungu, zenye matundu madogo ziliwazuia. Walipoingia, tandiko lilisambaratika na kuchanganyika na udongo. Walipozuiwa, lilibaki karibu kama lilivyozikwa.

Je, wajua nani aliwafukuza walaji kwenye ua? Tunaweza kumtaja kwa jina: Edwin Budding, fundi wa Gloucestershire, Uingereza, aliyepata hataza ya mashine ya kwanza ya kukatia nyasi mwaka 1830. Wazo alilitoa kwenye mashine ya kiwandani ya kunyoa nyuzi za kitambaa cha sufu. Kabla yake, nyasi fupi zilitaka kondoo au watu wenye mundu mrefu. Na kondoo hawakusahaulika mara moja: wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Rais Woodrow Wilson aliwaweka kwenye nyasi za Ikulu ya Marekani, na sufu yao ikapigwa mnada kuchangia Msalaba Mwekundu.

Mashine hukata majani. Haikanyagi, haili mashina, haiachi samadi. Kwa hiyo tandiko si ugonjwa wa nyasi; ni kazi ya nyumbu iliyokosa mtu wa kuifanya, na pale tunapoongeza mbolea na maji tunazidisha kazi yenyewe.

Wajua nyasi zipi ni wakorofi zaidi? Zinazotambaa. Ukoka, paspalamu, zoizia na nyasi za Pemba, zile zenye majani mapana zinazopendwa pwani ya Kenya. Zinazoota kwa mafungu bila kutambaa hazirundiki sana.

Mfalme wao, kwa maoni yangu, ni nyasi za Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, penye baridi na mvua, na Nairobi hukua vizuri bila kusihiwa. Australia ilizipata mwaka 1919 kwa mbegu kutoka Kongo ya Wabelgiji. California ilizipanda mwanzoni mwa karne ya 20 ili zishike kingo za mifereji, zikashika kingo, zikashika mashamba, zikashika bustani. Leo serikali ya Marekani imeziorodhesha kuwa magugu hatari, na wakati huo huo klabu ya gofu ya Riviera, Los Angeles, ni maarufu duniani kwa viwanja vyake vya nyasi hizo hizo. Msuko wake ni mzito kiasi kwamba mpira hukaa juu yake umeinuliwa, au hutumbukia ndani ukapotea machoni.

Je, wajua kwamba urea inaweza kuwa adui aliyevaa kijani? Mfuko mmoja wa naitrojeni kupita kiasi, na bustani inang'aa kwa wiki tatu. Kila jani linalong'aa lina shina, na kila shina litakufa. Naitrojeni nyingi pia huushusha udongo kwenye tindikali, na wengi wa viumbe wa kuozesha hawapendi hivyo. Ukiona anayekuhudumia bustani anamwaga urea kila mwezi ili usifu kazi yake, msifu kwa sababu nyingine.

Viwavijeshi nao? Wale wa asili wa Afrika, Spodoptera exempta, hula nyasi na nafaka tu, na katikati ya Tanzania ni moja ya sehemu ambako milipuko yao huanza mvua za kwanza zinapofika. Ukoka ni chakula chao. Tandiko nene huwapa wadudu wa nyasi maficho, na dawa unayopiga hunaswa juu kabla haijawafikia.

Tufike kwenye reki.

Je, wajua kwamba mwezi ni muhimu kuliko chombo? Kuondoa tandiko ni kuijeruhi bustani kwa makusudi. Inatakiwa iwe na nguvu ya kupona. Dodoma watu hufanya usafi huu Septemba au Oktoba, kwa sababu nyasi zimekauka na zinaonekana chafu, na hapo ndipo wanapoua bustani: jua kali, maji haba, mizizi wazi. Ngoja mvua za Desemba. Ngoja nyasi zichipue na zikatwe walau mara mbili. Katikati ya Januari ndiyo saa yake, kukiwa na miezi mitatu ya mvua mbele. Nairobi, ngoja masika yashike vizuri, karibu katikati ya Aprili. Kule Phoenix, jangwani Arizona, hungoja hadi majira ya joto yanapokaribia, ukoka unapokuwa umeamka kabisa. Kalenda zinatofautiana lakini kanuni haibadiliki: nyasi ziwe zinakua kwa kasi kuliko wakati wowote.

Udongo nao uwe na unyevu, si tope. Mkavu, meno hayaingii na mashina hukatika vibaya. Tope, unang'oa hadi mizizi yenye afya. Mwagia siku mbili kabla. Kata nyasi fupi kuliko kawaida. Weka vijiti penye mabomba na vinyunyizio, maana mashine haina macho.

Kwa ua mdogo reki ya chuma yenye meno makali inatosha. Siyo ile ya plastiki ya kuzolea majani. Vuta kwa nguvu kuelekea kwako, eneo lote, kisha rudia ukikata njia ya kwanza kwa msalaba. Ni kazi ya mgongo na nisikudanganye kuhusu hilo. Kwa eneo kubwa kuna mashine yenye visu vya wima vinavyozunguka. Kwa ukoka visu hivyo huachana sentimita 2.5 hadi 5, na hushushwa hadi vikwaruze udongo juu juu tu. Jaribu mahali pa pembeni kwanza, nyuma ya nyumba, wasipopaona wageni.

Wajua kwamba hutakiwi kulimaliza? Acha kama nusu sentimita. Ndilo lile tandiko jembamba tulilolisifu.

Na kama limefika sentimita 5, sahau habari ya siku moja. Nyasi zote zimehamia humo na mizizi yao, kwa hiyo ukilichana lote utabaki na udongo mtupu na rundo la majuto. Toa sehemu mwaka huu, sehemu mwaka ujao. Au kubali, ng'oa yote, panda upya. Wakati mwingine ndiyo nafuu.

Ukimaliza, ua utatisha. Utaonekana kama mbuzi wa kijiji kizima wamepita. Usiite mtu kumgombeza. Zoa mabaki, mwagia maji ya kutosha siku hiyo hiyo, na baada ya wiki mbili weka mbolea kidogo. Ukoka wenye mvua hufunika mapengo katika wiki tatu au nne.

Je, wajua njia ya taratibu, isiyo na kelele? Toboa mashimo kwa uma wa bustani, sentimita 8 hadi 10 kwenda chini, uutikise kidogo kabla ya kuuchomoa. Kisha nyunyiza udongo uliochekechwa, usiozidi milimita 6, uusukume kwa ufagio hadi uzame kati ya mashina. Udongo ukigusana na tandiko huleta vijidudu na kulishikia unyevu, na kule kuoza kulikosimama kunaanza tena. Kama nina ua wa kuchagulia, nitachagua hii. Tahadhari: tumia udongo wa aina ile ile iliyopo. Mfinyanzi juu ya mchanga, au mchanga juu ya mfinyanzi, hutengeneza matabaka ambayo maji huyaogopa.

Moto je? Wafugaji wengi wa Afrika huchoma malisho ili mvua zilete majani laini, na mbugani ina mantiki yake. Mita tatu kutoka kwenye pazia la dirisha haina. Tena moto hupeleka naitrojeni angani na kumwachia mwenye bustani jivu na barua ya majirani.

Je, wajua kuhusu ule mchanganyiko wa soda, bia na sabuni ya kuoshea vyombo unaosifiwa kuwa unayeyusha tandiko? Kinachotegemewa humo ni sukari. Sukari inawapa bakteria karamu ya siku moja na hao bakteria ndio wale wale wasioiweza lignini. Kunywa soda yako. Kilichopimwa kikaonyesha matokeo ni kitu kingine: watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia walinyunyiza lakasi, kimeng'enya cha fangasi wanaokula miti, kwenye nyasi za viwanja vya gofu na tandiko likapungua. Lakini kwa mwenye ua wa kawaida, uma na udongo bado ni rahisi zaidi.

Wajua kiasi cha takataka? Andaa toroli, na usimwambie mwenye toroli utairudisha saa ngapi. Mabaki yasiyo na dawa za kuua wadudu huenda kwenye lundo la mboji, yakichanganywa na samadi au maganda ya jikoni, kwa sababu yenyewe ni makavu na huoza polepole. Yanafaa pia kutandazwa chini ya mwembe au mchungwa. Ila yaanike juani hadi yafe kabisa. Kipande cha shina la ukoka chenye kifundo kimoja kilicho hai kinaweza kuota popote kinapoangukia, ikiwemo katikati ya mchicha.

Sifa hiyo hiyo ni hazina. Kabla ya kuanika, chagua vipande vyenye mizizi, vizike kwenye vipara, sentimita 15 kati ya kimoja na kingine, kifundo ndani, ncha nje. Watu hununua vipande kama hivyo kwa gunia ilhali wengine wanavipeleka jalalani.

Je, wajua kwamba Muscat, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100 tu, nyasi za pembeni mwa barabara hunyweshwa maji taka yaliyosafishwa? Maji ya kunywa hayaguswi. Nyumba yenye shimo la maji ya kuogea na kufulia inaweza kuiga kwa kipimo chake, mradi sabuni isiwe yenye chumvi nyingi, maana chumvi huunguza nyasi kutokea chini.

Na wapo waliochoka kabisa. Mamlaka ya maji ya kusini mwa Nevada, kule Las Vegas, kwa miaka mingi imekuwa ikiwalipa watu wang'oe nyasi zao. Vipimo vyake vilionyesha kwamba kubadilisha nyasi kwa mimea ya jangwani huokoa wastani wa lita 2,200 hivi kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Ule ua wetu wa mita 100 za mraba ungeokoa lita 220,000, matangi 44 ya lita 5,000. Mwaka 2021 jimbo likapitisha sheria: kuanzia mwaka 2027 maji ya Mto Colorado hayataruhusiwa kumwagilia nyasi za mapambo zisizokanyagwa na mtu, kama zile za katikati ya barabara na mbele ya ofisi. Nyasi za nyumba ya familia moja sheria hiyo haikuzigusa, kwa hiyo hata Las Vegas reki za meno makali bado zina wateja.